Siku Nzima Chatsworth: Mwongozo Kamili wa Kutembelea Jumba la Ukoo wa Cavendish na Bustani Zake

Aliyesoma historia ya Kenya sekondari amekutana na Waraka wa Devonshire wa 1923, ule uliotamka kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na maslahi yao yatangulie, huku nyanda za juu zenye rutuba zikibaki mikononi mwa walowezi wa Kizungu. Devonshire wa waraka huo ni mtu: Victor Cavendish, Duke wa tisa wa Devonshire, waziri wa makoloni wa Uingereza wakati ule. Nyumba ya ukoo wake bado ipo, bado inakaliwa na kizazi chake, na mlango uko wazi kwa yeyote mwenye tiketi. Inaitwa Chatsworth, iko kwenye bonde la mto Derwent katikati ya Uingereza, na kwangu mimi hakuna jumba jingine la kikabaila nchini humo linalostahili siku nzima kama hili.

Wengi huliona vibaya. Wanafika saa sita, wanajipanga foleni ya jumba, wanatoka wamechoka kutazama dhahabu na picha, kisha wanazunguka bustani kwa nusu saa na kurudi kwenye gari. Mimi nakushauri ufanye kinyume: anza juu mlimani, nyuma ya nyumba, yanakoanzia maji. Bustani yote ya Chatsworth inaendeshwa na maji yanayoshuka yenyewe kutoka kwenye mabwawa yaliyochimbwa kilimani. Ukishayaona yalikotoka, kila kitu cha chini kinaeleweka.

Kwanza, chagua siku

Kwa kawaida jumba hufungwa baada ya sikukuu za mwaka mpya na kufunguliwa tena mwezi wa tatu, na tarehe hubadilika kila mwaka, hivyo tazama kalenda yao kabla ya kununua tiketi ya treni. Mgeni wa mara ya kwanza namshauri aende kati ya katikati ya Mei na mwisho wa Juni. Rododendroni zinakuwa zimechanua mlimani, mawaridi yanaanza, mchana ni mrefu mpaka saa tatu usiku, na maji bado ni mengi. Mwezi wa kumi nao ni mzuri sana kwa ajili ya majani yanayogeuka rangi, ila jua huzama mapema na matope huongezeka.

Kiangazi kikikaza, mwezi wa saba na wa nane, uwezekano wa kukuta chemchemi zimepunguzwa nguvu au zimezimwa huongezeka, kwa sababu hakuna pampu ya kufidia: mabwawa yakipungua, basi. Upepo mkali na barafu pia huwafanya wazime. Kuelekea Krismasi jumba hupambwa vyumba vyote na watu hufurika. Ni burudani nzuri kwa watoto, lakini mapambo hufunika mengi ya nyumba yenyewe, kwa hiyo usiifanye kuwa ziara yako ya kwanza.

Siku za katikati ya wiki, shule zikiwa hazijafungwa, ndizo bora. Jumapili yenye jua, hata maegesho hujaa.

Tiketi

Kuna tiketi ya jumba pamoja na bustani, na kuna ya bustani peke yake. Kama mfuko haujatuna, usione aibu kuchukua ya bustani tu. Ni hekta 42 zenye mambo ya kutosha kwa siku nzima. Mbuga inayolizunguka jumba, yenye kondoo na kulungu, pamoja na msitu wa mlimani uitwao Stand Wood, huingiwa bure kwa miguu. Familia yenye watoto wengi inaweza kukaa huko tangu asubuhi hadi jioni bila kulipa zaidi ya maegesho.

Nunua mtandaoni kabla ya siku yenyewe. Tiketi ya jumba huwa na saa ya kuingia. Chagua saa iliyo karibu na saa sita mchana, ili asubuhi ibaki ya mlima. Hakikisha pia kama tiketi uliyochagua imejumuisha maegesho ya gari au hayamo.

Wakati wa kulipa utaulizwa kuhusu Gift Aid. Huo ni mpango wa serikali ya Uingereza unaoiruhusu taasisi ya hisani kudai kodi iliyokwishalipwa juu ya mchango wako. Weka alama ya kukubali tu ikiwa unaishi huko na unalipa kodi ya mapato ya kutosha. Ukiwa umekuja matembezi kutoka Dar, Nairobi au Muscat, ruka swali hilo, haukuhusu.

Kufika

Jina linapoteza watu. Cheo ni cha Devonshire, lakini jumba haliko Devon wala karibu na Devon. Liko Derbyshire, hutamkwa "Dabisha", kaskazini kabisa ya huko. Kuna maeneo mengine duniani yanayoitwa Chatsworth, likiwemo la Durban, kwa hiyo kwenye ramani ya simu andika msimbo wa posta: DE45 1PP.

Kwa treni, lenga Sheffield au Chesterfield. Kutoka London ni kama saa mbili, kituo cha kuondokea kikiwa St Pancras. Ukishuka Sheffield, tafuta basi namba 218 liendalo Bakewell, ambalo hupitia Chatsworth. Mabasi ya mashambani Uingereza si daladala: hayangojei yajae, hayasimami popote, na likikupita huenda ukasubiri saa nzima. Piga picha ratiba ya kwenda na ya kurudi siku hiyo hiyo asubuhi, maana ya Jumapili hutofautiana na ya siku za kazi.

Wenye gari, endesheni polepole ndani ya mbuga. Kondoo huvuka barabara kwa wakati wao na wanakondoo wa mwezi wa nne hawajui gari ni nini.

Vya kubeba

Viatu ndiyo jambo la kwanza. Viatu vya kutembelea vyenye soli inayoshika, visivyoogopa matope na mavi ya kondoo. Koti la mvua hata kama utabiri umeahidi jua. Sweta, kwa kuwa ndani ya jumba hakuna joto sana hata wakati wa kiangazi. Mkoba uwe mdogo. Mabegi makubwa ya mgongoni huleta shida vyumbani kwa sababu ya vitu vinavyovunjika.

Chakula unaweza kubeba na kula bustanini kwenye nyasi, na nakushauri ubebe. Chapati, mayai ya kuchemsha, matunda na chai ya chupa vitakutosheleza kuliko foleni ya mkahawa, na kwa anayetafuta halali ni njia ya uhakika. Wanaoswali watapata sehemu tulivu chini ya miti bila taabu, ila wajue kwamba mbwa waliofungwa kamba wanaruhusiwa mbugani na bustanini, basi uchague mahali pa kutandika mswala mbali kidogo na njia.

Asubuhi: panda Stand Wood

Fika mapema, kabla jumba halijafunguliwa. Toka kwenye maegesho, elekea upande wa mazizi ya zamani ya farasi, fuata vibao vya Stand Wood. Njia ya ngazi ni ya mkato na inapanda kwelikweli. Barabara ya kuzunguka ni ndefu lakini laini, na anayesukuma kigari cha mtoto achukue hiyo. Kwa mwendo wa kawaida, nusu saa hivi inatosha kufika juu.

Utatokea kwenye mnara wa mawe wenye vikuba pembeni, Hunting Tower. Huu ni wa enzi za Bess wa Hardwick, mwanamke aliyeanzisha yote haya. Bess na mumewe wa pili, Sir William Cavendish, walinunua ardhi ya Chatsworth mwaka 1549 kwa pauni 600, wakajenga. Aliolewa mara nne, kila ndoa ikamwongezea mali, na watoto wake wote alizaa na huyo Cavendish. Mume wa nne alikabidhiwa na Malkia Elizabeth wa Kwanza kazi ya kumlinda Mary, malkia wa Uskoti aliyekuwa kifungoni, naye Mary akaletwa Chatsworth mara kadhaa. Jumba la Bess halipo tena, lilijengwa upya juu yake, lakini mnara huu ulibaki. Huwezi kuingia ndani kwa kuwa hupangishwa kwa watalii wa kulala. Tazama nje, kisha geuka uangalie bonde. Jumba lote, mto, daraja na mstari mnyoofu wa maji vinaonekana chini yako kwa mara moja. Kaa hapo kidogo.

Endelea na njia hadi Emperor Lake. Ukiliona utadhani ni ziwa la asili, lenye bata na miti ukingoni, lakini lilichimbwa na watu, karibu hekta tatu na robo, miaka ya 1843 na 1844. Duke wa sita alikuwa anamtarajia Tsar Nicholas wa Kwanza wa Urusi, akataka amwoneshe chemchemi inayorusha maji juu kuliko ile ya Tsar mwenyewe kule Peterhof. Kazi alipewa Joseph Paxton, msimamizi wake wa bustani. Vibarua walichimba hata usiku kwa mwanga wa moto, na ziwa likakamilika ndani ya miezi sita tu. Tsar hakuja. Chemchemi ikabaki na jina la mfalme asiyefika.

Sasa shika hesabu hii kichwani: ziwa liko kama mita 107 juu ya bustani. Maji yanaingia kwenye bomba la chuma, yanashuka kilima chote, na chini yanapotolewa kwenye tundu jembamba hurushwa juu. Hayawezi kupanda kupita yalikotoka, msuguano wa bomba na hewa huyapunguzia, na hata hivyo yamewahi kufika mita 90. Tangu 1893 maji hayo hayo yalitumika pia kuzalisha umeme wa nyumba.

Rudi kwa njia ya Aqueduct, ukuta wa matao ya mawe uliojengwa uonekane gofu la kale, maji yakidondoka kutoka ncha yake. Baada ya mvua ndipo hupendeza. Kisha shuka, maana saa yako ya jumba inakaribia.

Ndani ya jumba

Tenga saa moja na nusu hadi mbili. Nyumba ina vyumba zaidi ya 120, lakini unapitishwa sehemu yake tu kwa njia moja ya kwenda mbele, na si rahisi kurudi nyuma, hivyo usikikimbie chumba ukidhani utakirudia. Picha za simu zinaruhusiwa kwa matumizi yako; zima mwanga wa kamera. Vyumba vingine vina giza kwa makusudi, kwa kuwa mwanga huchakaza hariri na rangi. Subiri macho yazoee.

Kabla ya kuingia, simama nje na utazame madirisha: fremu zimepakwa dhahabu. Tafuta pia nyoka aliyejikunja. Ni alama ya ukoo, na utamkuta kwenye mapambo mahali pengi. Watoto wapewe kazi ya kuwahesabu, watakaa watulivu.

Ukumbi wa kwanza mkubwa, Painted Hall, umechorwa kuta na dari na Louis Laguerre kwa visa vya Julius Caesar. Mwenye nyumba, Duke wa kwanza, alipewa cheo hicho mwaka 1694 kwa kumsaidia William wa Tatu kukipata kiti cha ufalme, na mchoro huo ulikuwa namna ya kumtukuza mfalme. Ghorofani utapita mfululizo wa vyumba vya heshima, kila kimoja kikifungukia kingine kwa mstari, kuanzia cha kungojea hadi cha kulala. Vilijengwa ili mfalme huyo na mkewe, Malkia Mary, wakija walale humo. Nao hawakuja. Ukikumbuka ziwa ulilotoka kuliona, utaanza kuielewa familia hii: vizazi vilijenga kwa ajili ya wageni wakubwa ambao hawakutokea, na leo wanaopita humo ni akina sisi.

Katika chumba cha muziki, tazama kupitia mlango ulio wazi nusu. Kwenye mlango wa ndani imetundikwa fidla kwa utepe. Usogee, ukodoe macho: haipo. Ni mchoro wa Jan van der Vaart juu ya ubao, karne ya 18, na kivuli chake kimepigwa kwa ustadi hata mtu aliyeambiwa hubaki na shaka. Watu wengi hupita bila kuiona kwa sababu wanaangalia dari.

Kanisa dogo la ndani limebaki karibu kama lilivyokamilishwa mwishoni mwa karne ya 17, na ukivuta pumzi utanusa mbao za mierezi. Chumba kikubwa cha kulia nacho kina kisa chake: karamu ya kwanza humo, 1832, mgeni alikuwa Victoria, binti wa miaka 13, kabla hajawa malkia.

Mwisho ni ukumbi wa sanamu, na hapa usiwe na haraka hata kidogo. Duke wa sita alikusanya kazi za marumaru, nyingi kutoka Roma, zikiwemo za Antonio Canova. Ile inayosimamisha kila mtu ni ya Raffaelle Monti: mwanamke aliyefunikwa utaji usoni. Ni jiwe tupu, lakini unaona pua na midomo chini ya kitambaa chepesi. Sogea ubavuni, mwanga ukipiga kwa pembeni, uone jinsi alivyochonga mikunjo ili jicho lako limalizie kazi. Usiguse; mafuta ya vidole hutia marumaru madoa yasiyotoka.

Kila chumba kina mtumishi aliyesimama au kukaa pembeni. Waingereza hawa husubiri uanze wewe. Salimia, kisha uliza swali moja tu mahsusi, kama "huyu wa kwenye picha alikuwa nani?", na utaelezwa mambo yasiyo kwenye kibao chochote.

Utaulizwa na watoto: kumbe watu kama hawa bado wanamiliki yote haya? Jibu lina urefu wake. Duke wa kumi aliigawa mali mapema ili warithi waepuke kodi ya mirathi, lakini sheria ilimtaka aishi miaka mitano baada ya kuigawa. Alifariki Novemba 1950, ikiwa imebaki kama wiki 14 kutimia. Serikali ikadai asilimia 80. Mrithi, Andrew Cavendish, aliuza ardhi, akatoa kazi za sanaa na jumba lingine zima la ukoo, Hardwick Hall, na deni pamoja na riba yake likamalizika miaka ya 1970. Mwaka 1981 nyumba iliwekwa chini ya Chatsworth House Trust, taasisi inayofanana na wakfu, na familia hulipa kodi ya pango kuishi humo. Pesa ya tiketi yako ndiyo inayokarabati paa. Mkewe Andrew, Deborah, ndiye aliyeligeuza jumba hili kuwa biashara inayojilisha, na kwa maoni yangu bila yeye lingekuwa hoteli au gofu.

Chakula

Migahawa iko kwenye mazizi ya zamani ya farasi. Wasiokula nyama hawakosi cha kula. Ukiwa na chako, kipeleke bustanini.

Alasiri: bustani, kwa kufuata maji

Ingia bustanini upande wa Cascade. Ni ngazi 24 za mawe zinazoshuka mteremko, maji yakitiririka juu yake kama zulia, na juu kabisa kuna kibanda cha mawe kilichosanifiwa na Thomas Archer. Ngazi za kwanza alizisanifu Mfaransa Grillet miaka ya 1690, zikarefushwa baadaye. Hazikuchongwa sawa: nyingine pana, nyingine nyembamba, na nyuso zake zimetofautishwa ili kila moja iwe na sauti yake. Ukiyakuta maji yakitiririka, panda pembeni polepole ukisikiliza, halafu shuka. Utasikia mlio ukibadilika. Cascade imechoka kwa umri na imekuwa ikihitaji matengenezo makubwa, basi uliza getini kama inafanya kazi siku hiyo, usije ukawa umewaahidi watoto bure.

Kutoka hapo tafuta mti wa shaba uliotengenezwa ufanane na mti wa willow, umejificha kati ya mawe. Ni chemchemi ya mzaha ya tangu 1692, ikafanywa upya baadaye. Husimama kimya, kisha matawi yote hurusha maji bila taarifa. Victoria alipokuja akiwa binti aliupenda. Simu weka mfukoni.

Jirani yake ni bustani ya mawe ya Paxton. Majabali yale hayakuota hapo. Yaliburutwa kutoka kilimani na kupangwa moja juu ya jingine, na refu kuliko yote lina mita kama 14. Huyo Paxton anahitaji aya yake.

Alifika Chatsworth alfajiri ya Mei 1826, akiwa na miaka 22, mtoto wa mkulima. Kwa maelezo yake mwenyewe, alifika saa kumi na nusu, geti limefungwa, akaruka ukuta, akazunguka bustani yote, akawapangia watu kazi saa kumi na mbili, akaenda kunywa chai kwa msimamizi wa nyumba, akampenda mpwa wa mama huyo pale pale mezani. Wakaoana mwaka uliofuata. Mwaka 1849 alifanikiwa kuchanuza yungiyungi kubwa la Amazon, ambalo jani lake liliweza kumbeba binti yake mdogo bila kuzama. Alichunguza mbavu za jani hilo upande wa chini, akatumia mpangilio wake kwenye majengo ya vyuma na vioo, na mwaka 1851 akajenga Crystal Palace ya London.

Na ndizi. Paxton alipata mgomba mfupi uliotoka Morisi, huku kwetu Bahari ya Hindi, akauotesha kwenye nyumba ya vioo, ukachanua mwishoni mwa 1835. Ukaitwa kwa jina la bwana wake, Cavendish. Wamisionari walichukua miche kutoka hapa kwenda Samoa, ikasambaa Pasifiki. Ugonjwa wa Panama ulipoangamiza mashamba ya ndizi za Gros Michel katikati ya karne ya 20, Cavendish ilizibadili, na ndiyo hiyo ndefu ya njano inayojaza madukani Ulaya na Ghuba. Mtu wa Bukoba au Mbarara aliyekulia chini ya migomba ya aina chungu nzima atashangaa kwamba ile inayouzwa duniani kote imepitia kwenye kibanda cha vioo katika nchi ya theluji. Chatsworth bado wanaikuza. Muulize mtunza bustani yeyote kama nyumba ya vioo yenye migomba inafunguliwa kwa wageni siku hiyo.

Sasa nenda kwenye mzingile, ule wa miti aina ya yew, 1,209 kwa jumla, iliyopandwa 1962. Watoto wataingia mbio. Wewe baki nje kwanza, tazama kuta za mawe zinazouzunguka: ndizo mabaki ya nyumba kubwa ya vioo ya Paxton, yenye urefu wa mita 84, ambamo Malkia Victoria alipitishwa kwa gari la farasi mwaka 1843, taa 12,000 zikiwaka. Mabomba ya boila nane yaliipasha joto. Vita Kuu ya Kwanza ilikula makaa ya mawe na wafanyakazi, mimea ikafa kwa baridi, na mwaka 1920 ikavunjwa kwa baruti. Mara ya kwanza haikuanguka. Aliyeamua ivunjwe ni Victor, Duke wa tisa, yule yule ambaye miaka mitatu baadaye waraka wake ulipangia Kenya ardhi yake. Mkenya akisimama hapo ana haki ya kuchukua muda wake.

Malizia kwenye Canal Pond, mfereji mrefu mnyoofu mbele ya uso wa kusini wa jumba, uliochimbwa 1702. Hii ndiyo bustani ya mistari ya kale iliyosalia. Mingi ya aina hiyo iliondolewa karne ya 18 mtindo ulipogeuka, msanifu wa bustani Capability Brown akaibadili mbuga iwe na sura ya nchi ya asili. Simama ncha ya mbali, jumba likiwa mbele yako. Maji unayoyaona yakirushwa kutoka Emperor Fountain yametoka kwenye lile ziwa la asubuhi. Simama upande upepo unakotoka. Ukiwa upande wa pili utalowa.

Ukiwa na wazee au watoto wadogo

Mama au baba mwenye magoti mabovu asipandishwe mlima. Piga simu au andika kabla, uliza kuhusu viti vya magurudumu, lifti na usafiri wa ndani ya bustani. Mpeleke Canal Pond kwanza, kwa kuwa ni tambarare na ina viti. Kwa wadogo kuna shamba la mifugo na uwanja wa kuchezea jirani na mazizi, lakini usiwaonyeshe mpaka mmemaliza bustani, maana hamtatoka.

Kabla ya kuondoka: Edensor

Kikibaki kama saa moja, vuka mbuga kwa miguu hadi kijiji cha Edensor, hutamkwa "Enza". Kijiji cha zamani kilihamishwa na Duke wa sita, na nyumba mpya zikajengwa kila moja kwa mtindo wake, hakuna mbili zinazofanana. Makaburi ya ukoo yako mteremkoni, upande wa juu wa kanisa. Paxton amezikwa huko, na pia Kathleen Kennedy, dada yake Rais John Kennedy wa Marekani. Alikuwa mjane wa William Cavendish, aliyekuwa arithi cheo lakini akauawa vitani Ubelgiji mwaka 1944. Yeye alifariki kwa ajali ya ndege 1948. Rais Kennedy alikuja kuzuru kaburi hilo Juni 1963.

Kuna duka dogo la chai kijijini. Kama umekuja kwa basi, hakikisha kwanza kama linasimama barabarani hapo au inakubidi urudi kituo cha jumbani, na uwe kituoni robo saa kabla ya wakati. La mwisho huondoka mapema kuliko mgeni anavyotarajia, na teksi maeneo hayo ni chache na ghali.